Kujenga kwa chokaa na unga wa tofali kama Warumi, na kulikinga zege la nondo lisiliwe na kutu

Kuba la Pantheon mjini Roma lilikamilika karibu mwaka 126, enzi za Kaizari Hadrian. Upana wake ni mita 43.3, ni zege tupu bila nondo hata moja, na mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linaloizidi ukubwa. Jengo la kawaida la siku hizi husanifiwa liishi miaka 50, na daraja miaka 100. Daraja la Morandi mjini Genoa lilifunguliwa mwaka 1967, likaanguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Nyaya za chuma zilizolibeba zilikuwa zimevikwa zege, na humo ndani kutu ilizila bila mtu kuiona.

Saruji yenyewe haina kosa. Zege la leo linahimili kubanwa mara kadhaa kuliko la Kirumi, na linapata nguvu kwa siku badala ya miezi. Kinacholiua ni chuma kilichomo. Zege jipya lina alkali nyingi, pH yake (kipimo cha alkali) ni kati ya 12.5 na 13, na katika hali hiyo nondo haishiki kutu. Miaka inavyokwenda, kaboni dioksidi ya hewani hupenya kwenye vitundu vya zege na kuimaliza alkali hiyo. pH ikishuka chini ya 9, nondo imebaki uchi. Chumvi ya bahari huivunja kinga hiyo hata kabla ya hapo. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichooza, kwa hiyo inavimba, inalipasua zege kutoka ndani, maji yanapata njia, na kutu inazidi kushika kasi.

Warumi hawakuwa na nondo, basi ilibidi kila umbo liwe ambalo jiwe linaweza kulibeba: tao, kuba, ukuta mnene. Jiwe na zege havina shida na kubanwa. Vikivutwa au kupindwa vinakatika. Chuma walikitumia kidogo, hasa vibano vya kuunganisha mawe makubwa, tena walivimwagia risasi iliyoyeyushwa ili maji yasivifikie. Wagiriki walifanya hivyo hivyo kabla yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, warekebishaji wa Parthenon mjini Athens walitia vyuma bila risasi. Vikashika kutu, vikapasua marumaru iliyokuwa imesimama zaidi ya miaka 2,000, na baadaye ikabidi vitolewe na kuwekwa titani.

Tuliyo nayo machoni ni masalia ya majengo mazuri tu. Mabovu yalianguka zamani: uwanja wa maonyesho wa Fidenae uliporomoka mwaka 27 na kuua maelfu, na Kaizari Augustus aliwekea nyumba za kupanga za Roma kikomo cha futi 70 za Kirumi, kama mita 21, kwa sababu zilikuwa zinaanguka. Kwa hiyo hapa tunachukua yale tu yaliyothibitika kufanya kazi.

Kazi inayofaa na isiyofaa

Mchanganyiko wa chokaa na unga wa tofali unafaa kwa ukuta mnene wa mawe au matofali, kulipu tangi la maji na mifereji, matao madogo ya milango na madaraja ya bustani, sakafu ya chini, na ukarabati wa majengo ya zamani ya mawe. Haufai kwa dari ya ghorofa, boriti, baraza linaloning'inia, wala nyumba ya ghorofa kwenye eneo la matetemeko. Sehemu ya kusini ya ukuta wa nje wa Colosseum ilianguka kwa tetemeko la mwaka 1349, na ule ni ukuta uliojengwa kwa mawe mazuri kuliko utakayoyapata wewe. Huko weka nondo na mhandisi, ukafuate maelekezo yaliyo mwishoni mwa makala hii.

Vifaa

Chokaa. Unahitaji ama chokaa isiyozimwa (mabonge yaliyotoka tanuruni) ama ya unga iliyokwisha kuzimwa, yaani kutiwa maji. Usichukue chokaa ya kilimo. Hiyo mara nyingi ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa, na haitashika kamwe hata ukisubiri mwaka. Kujua: bonge zima lisilozimwa likitiwa maji linachemka na kupasuka. Chokaa ya unga iliyozimwa ikidondoshewa siki isitoe mapovu mengi. Ikifoka kama soda, imekwisha kurudi kuwa jiwe kwa kukaa wazi hewani, itupe.

Kishikizi. Warumi walitumia majivu ya volkano, maarufu zaidi yakiwa ya Pozzuoli karibu na Naples. Chokaa peke yake hukauka kwa kunywa kaboni dioksidi ya hewa kuanzia juu kwenda ndani, kwa hiyo katikati ya ukuta mnene inabaki laini miaka mingi, na ndani ya maji haishiki kabisa. Majivu ya volkano yana silika na alumina za aina inayoungana na chokaa palipo na maji, na kinachozaliwa ni gundi ngumu isiyoyeyuka. Ndiyo maana meli zilibeba majivu kutoka pwani ya Naples hadi Caesarea, upande wa pili wa Mediterania, wakati Mfalme Herode akijenga bandari yake mwishoni mwa karne ya 1 kabla ya Kristo.

Pasipo na majivu hayo, Warumi walisaga matofali, vigae na vyungu vilivyovunjika. Tafuta tofali lililochomwa kwa moto wa wastani, lenye rangi ya chungwa au nyekundu hafifu, linaloacha unga ukilikwaruza kwa msumari. Tofali lililoiva sana mpaka likawa jeusi na kulia kama kengele limeshageuka, halitaungana na chokaa. Litumie kama kokoto. Saga, kisha chekecha upate saizi mbili: unga laini kama wa ngano, na chembe zisizozidi milimita 5. Unga ndio unaofanya kazi ya kushika. Chembe peke yake ni mchanga tu wenye rangi.

Mchanga uwe mkali, wenye chembe kubwa na ndogo. Usugue kwenye kiganja: ukiacha tope, uoshe. Mchanga wa ufukweni usitumie bila kuosha chumvi yote, maana chumvi itafumuka juu ya lipu na kuimenya kila msimu.

Jaribio la wiki moja

Usiamini unga wa tofali wala majivu kwa kuyatazama. Chukua chokaa ya unga kipimo 1 na unga unaotaka kuupima vipimo 2, tia maji kidogo, finyanga donge la ukubwa wa ndimu. Tengeneza jingine kwa chokaa na mchanga mtupu. Yafunge yote kwenye mfuko wa plastiki yakiwa mabichi, yaache siku 7 mahali pa joto la kawaida, kisha yazamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. La mchanga litayeyuka. La unga mzuri litatoka zima, na kucha haitaingia kwa urahisi. Likimeguka, unga huo haufai au umeusaga kwa ukubwa kupita kiasi. Saga tena, pima tena.

Kuzima chokaa

Hapa ndipo watu hupoteza macho. Vaa miwani iliyoziba pande zote, glavu za mpira, mikono mirefu na buti. Weka karibu ndoo ya maji safi. Chokaa ikiingia jichoni, osha mfululizo dakika zisizopungua 20 huku ukipelekwa hospitali.

Tumia pipa la chuma au shimo lililojengwa. Ndoo ya plastiki italainika na kupasuka, maana maji yanachemka kweli. Tia kwanza maji, ndoo 3, kisha dondosha chokaa kidogo kidogo hadi ndoo 1. Usifanye kinyume: maji machache yakimwagwa juu ya rundo la chokaa huruka kama mafuta ya moto. Koroga kwa fimbo ndefu mpaka mchemko ukome, chuja kwa wavu wa milimita 3, funika kwa maji ya sentimita 5 hadi 10 na uache. Mwezi mmoja ndio uchache. Plinio, mwandishi wa Kirumi, anaeleza kuwa sheria za zamani za Roma zilimkataza mjenzi kutumia chokaa yenye umri chini ya miaka mitatu, na sababu yake inaonekana ukutani: bonge dogo ambalo halikuzimika linakuja kunywa maji baadaye, linavimba na kufyatua kipande cha lipu, linaacha shimo dogo lenye doa jeupe katikati.

Katika zege nene la ukuta mambo ni tofauti. Mabonge meupe yanaonekana wazi kwenye zege la Kirumi, na kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa uzembe wa kuchanganya. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha kuwa yanatokana na chokaa isiyozimwa kuchanganywa moja kwa moja na majivu na maji, ikiwa moto. Ufa ukipita kwenye bonge na maji yakaingia, chokaa inayeyuka, inasafiri na kuganda kwenye ufa. Katika majaribio yao nyufa za milimita 0.5 zilijifunga ndani ya wiki mbili. Kwa anayeanza hatushauri kuchanganya kwa moto: joto na mvuke ni hatari, na kiasi cha maji ni kigumu kukipatia.

Vipimo

Pima kwa ndoo, wala si kwa koleo. Koleo moja halifanani na jingine.

Kwa kujengea ukuta: chokaa ya uji (ile uliyoizima na kuiacha majini) 1, unga wa tofali 1, mchanga 2. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliandika chokaa 1 kwa mchanga wa shimo 3, au 1 kwa 2 ukiwa wa mto au bahari, akaongeza kuwa huo wa mwisho huboreshwa kwa theluthi moja ya vigae vilivyosagwa.

Kwa kazi ya majini, kipimo cha Vitruvius kilikuwa chokaa 1 kwa majivu ya volkano 2.

Kwa kulipu tangi: chokaa ya uji 1 na tofali iliyosagwa 2.5, nusu unga na nusu chembe, bila mchanga. Mita 1 ya mraba kwa unene wa sentimita 3 inataka kama lita 32 za tofali na lita 13 za chokaa. Chokaa haiongezi ujazo sana kwa sababu inajaza nafasi kati ya chembe.

Changanya bila kuongeza maji kwanza. Uji wa chokaa una maji ndani yake, nayo hutoka ukiupiga. Piga na kukanda kwa mpini wa jembe dakika 15 hadi 20. Mchanganyiko utaonekana mkavu na mgumu mwanzoni, watu wengi hapo ndipo hukimbilia maji na kuuharibu, lakini ukiendelea kuupiga utalegea wenyewe. Uko tayari ukiuchota kwa mwiko, ukageuza mwiko chini juu, na ukabaki umeng'ang'ania.

Kupandisha ukuta

Zege la Kirumi halikumiminwa. Fundi alipanga mawe ya ukubwa wa ngumi au zaidi kwa mkono ndani ya mchanganyiko mzito, akashindilia, akapanga mengine. Ule uzito wa mchanganyiko ndio siri: maji machache, vitundu vichache.

Jenga nyuso mbili za ukuta kwa matofali au mawe yaliyonyooka, unene wa jumla sentimita 50 hadi 60, kisha jaza katikati kwa matabaka ya sentimita 15. Loweka mawe na matofali kwanza, la sivyo yatanywa maji ya chokaa na kuiacha unga mtupu. Tandaza mchanganyiko, zamisha mawe mpaka ujiuji upande pembeni mwake, gonga kwa nyundo ya mbao. Kwa mita 1 ya ujazo utatumia takribani mita 0.35 za ujazo za mchanganyiko. Ukitumia nusu mita ya ujazo, mawe yako ni ya saizi moja, ongeza madogo ya kuziba. Kila sentimita 60 pitisha safu ya matofali kutoka uso hadi uso ili kuufunga ukuta. Pima timazi kila safu. Usipandishe zaidi ya sentimita 50 kwa siku, kwa sababu chokaa bado mbichi hubonyea kwa uzito ukuta ukavimba tumbo.

Funika kwa magunia yaliyolowa, kivulini, kwa wiki mbili kamili. Lipu ya chokaa iliyokaushwa na jua ndani ya siku mbili inakuwa vumbi, na hakuna dawa ila kuibandua.

Pantheon ina somo jingine hapa. Msingi wake una mawe mazito ya travatini, na kadiri jengo linavyopanda mawe yanakuwa mepesi, hadi juu kabisa wakaweka jiwe la povu la volkano. Unene wa kuba nao unapungua kutoka mita 6.4 chini hadi mita 1.2 kwenye tundu la juu. Ukiwa na mawe mazito na mepesi, yapange hivyo.

Tao la mlango wa mita 1.2

Kiunzi cha mbao cha nusu duara kiwe na nusu kipenyo cha sentimita 60, kikae juu ya kabari ili uweze kukishusha polepole. Urefu wa mkunjo ni sentimita 188. Kwa tofali la unene wa sentimita 7.5 na upana wa 11, pete ya kwanza inataka matofali 23: kila moja linapata sentimita 8.2, yaani kiungo cha milimita 7 chini na cha sentimita 2.2 hivi juu. Usilisimamishe tofali kwa urefu wake wote wa sentimita 22 ili upate pete moja nene, kwa sababu viungo vya juu vitafikia karibu sentimita 4 na mchanganyiko mnene hivyo utanywea. Jenga pete ya pili juu ya kwanza kwa matofali 27. Idadi isiyogawanyika kwa mbili inakupa tofali la kati, la kufungia tao.

Panda pande zote mbili kwa pamoja, tofali kwa tofali. Tao husukuma nje, kwa hiyo kila upande uache ukuta usiopungua sentimita 60 kabla ya kona. Acha wiki nne, kisha legeza kabari milimita chache, subiri siku moja, ndipo uondoe. Ufa mwembamba kileleni upande wa chini, pamoja na nyufa za nje karibu na mabega, unakuambia kuta za pembeni zimesogea. Rudisha kabari, imarisha pembeni, usijaze ufa ukadhani umemaliza.

Panapolazimu nondo

Chuma ndani ya mchanganyiko wa chokaa usiweke kabisa. Chokaa haibaki na alkali ya kukilinda. Kwa zege la saruji, mambo manne huamua miaka.

Unene wa zege juu ya nondo: milimita 75 pale zege linapomwagwa juu ya udongo, 50 karibu na bahari, 40 panaponyeshewa, 25 ndani pakavu. Kaza nondo juu ya vitofali vidogo vya zege. Kipande cha mti, kokoto au chuma kikitumika kuinulia kinaipa kutu mlango wa kuingilia.

Maji: kilo 50 za saruji zisipite lita 25, pamoja na yaliyo kwenye mchanga. Mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 una lita 5 katika kila kilo 100, na hizo ndizo lita ambazo husahaulika. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na humo ndimo hewa na chumvi hupita.

Kushindilia mpaka mapovu yaishe. Matundu yanayofanana na sega la nyuki kandokando ya nondo hayazibwi kwa kupaka saruji juu. Vunja mpaka penye zege zima, ujaze upya.

Maji ya kumwagilia siku 7, na 14 ukiwa umechukua majivu ya volkano yaliyopimwa badala ya asilimia 20 hadi 30 ya saruji. Badiliko hilo ni la Kirumi moja kwa moja: zege hupenyeka kwa shida zaidi, ingawa nguvu za wiki ya kwanza zinapungua na boksi la kumwagia zege lisitolewe mapema.

Halafu kagua. Mifereji ya Roma haikudumu kwa kuachwa. Frontinus, aliyekabidhiwa maji ya mji mwaka 97, anaandika kuwa kazi hiyo ilikuwa na watumwa 240 wa umma na 460 wa Kaizari. Mfereji wa Aqua Virgo, uliojengwa mwaka 19 kabla ya Kristo, umekarabatiwa mara nyingi na bado unapeleka maji kwenye chemchemi ya Trevi.

Kagua kwa fenolfthaleini, dawa ya maabara inayoyeyushwa kwenye spiriti. Chimba kipande kidogo mahali pasipobeba mzigo, pulizia dawa juu ya uso uliovunjika saa hiyo hiyo. Palipogeuka waridi iliyokoza bado pana alkali. Palipobaki bila rangi pamekwisha kuliwa. Pima kwa rula kutoka juu. Kina hicho hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo milimita 10 katika miaka 10 ya kwanza zitakuwa 20 katika mwaka wa 40, na 30 katika mwaka wa 90. Ikiwa nondo yako iko milimita 20 ndani, andika mwaka ambao kina hicho kitaifikia kwenye daftari la jengo na uanze kupaka kinga miaka kumi kabla yake.